Ulimuuliza Nani?

Mwanangu Hashimu,

Salamu tutapeana kesho kwa mkono, ukiwa na begi lako mlangoni. Hapa naanza na ile karatasi niliyoichana Ijumaa iliyopita, kwa sababu najua bado imekukaa rohoni, na mimi pia hasira yangu haijaisha. Nimekaa hapa barazani tangu tuliposali alasiri. Mama yako anakukaangia visheti vya njiani, wewe umekwenda kuaga rafiki zako, na ninaandika haraka haraka kabla hujarudi, maana ukirudi nitanyamaza kama ninavyonyamaza siku zote.

Mambo ya kufua kanzu, ya maji ya kunywa, ya namna ya kumwamkia mwalimu wako huko Tanga, hayo mama yako kakwambia na atakwambia tena mpaka basi liondoke. Mimi nina jambo moja tu, na limenichukua miaka tisa kulisema.

Ijumaa uliniletea karatasi ambayo ulikwisha kuiandika mwenyewe, kwa ule mwandiko wako mzuri. "Mimi Mwalimu Athumani wa Mikindani nashuhudia kwamba mchukuzi wa barua hii ni mwadilifu, mkweli wa kauli na mwema wa matendo." Ilibaki saini yangu tu. Mwalimu wa Tanga anataka kila mwanafunzi mpya aje na barua ya mtu anayemjua, na wewe ukaona kazi nyepesi, baba yuko nyumbani, kalamu iko mezani. Nikakuuliza: nani kakushuhudia haya? Ukacheka. Ukasema, "Baba, kwani kuna haja ya kusumbuana? Asili ya Muislamu ni uadilifu mpaka ithibitike kinyume. Si wewe uliyetufundisha?"

Nikaichana vipande vinne. Mama yako akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani nimekupiga. Wewe ukanitazama kama mtu aliyepandwa na shetani, ukaondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo tunaongea ya chumvi na maji tu.

Ni kweli nilikufundisheni hivyo. Ndiyo maana nilichana. Uliyasema maneno yangu mwenyewe, kwa sauti yangu ya zamani, hata ule mkono wa kupunga hewani kama mtu anayefukuza nzi. Nilijisikia mimi nikisema, na mtu yule nimemchukia miaka tisa.

Sasa sikiliza. Unajua kwamba shangazi yako Somoe, dada yangu pekee, hali chakula nyumbani kwetu. Akija kwenye msiba anakaa nje na wanawake wa jirani, anakunywa maji aliyokuja nayo kwenye chupa. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukimuuliza mama yako kwa nini, mama yako anakwambia shangazi ana tumbo. Shangazi yako hana tumbo. Shangazi yako anao mdomo wa kusema kwa nini, ila amekustahi wewe, hakutaka umdharau baba yako.

Alikuwa ameolewa na Bakari, fundi cherehani pale karibu na soko. Humkumbuki vizuri, lakini kaptula yako ya kwanza ya chuo aliishona yeye. Alikuwa mtu mpole, mchekeshaji, mwenye tabia ya kushika pini mdomoni huku anaongea mpaka roho inakuruka. Mama yake Bakari alikuwa ng'ambo, upande wa Palma. Vita vilipoanza kule, habari zikaja kwamba watu wanachomewa nyumba, Bakari akasema anakwenda kumchukua mama yake, siku kumi tu. Akavuka Ruvuma. Siku kumi zikapita, mwezi ukapita, mwaka ukapita. Watu walikuwa wanavuka kila siku kuja kwetu na watoto mgongoni, lakini Bakari hakuwamo.

Ndipo akaja Bwana Seifu.

Najua namna ya kukuelezea mtu huyu, kwa sababu namwona hata sasa nikifumba macho. Kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kofia ya kushona kwa mkono, sugu ya sijda kwenye paji la uso kama sarafu. Alisema ametoka Kilwa, akifanya biashara mpaka ng'ambo. Alifika msikitini kwetu siku ya Alhamisi, akapewa asome Yasini, na wazee wakatokwa na machozi. Katika wiki moja akawa wa safu ya kwanza. Katika wiki ya pili akaja kwangu na mwenzake, kijana mmoja mnyamavu ambaye hata jina lake sikulishika, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nina amana nzito. Fundi Bakari wa hapa kwenu, tumemzika sisi wawili kwa mikono yetu."

Sheikh mkubwa alikuwa mgonjwa kitandani mwaka ule. Ndoa, talaka, mirathi, vyote vilikuwa vinakuja kwangu. Nilikuwa na miaka thelathini na sita na nilijiona nimesoma. Nikawaketisha, nikawaapisha, wakaeleza. Wa kwanza akasema, wa pili akasema maneno yale yale, kwa mpango ule ule, mpaka mahali pa kulia. Hilo peke yake lingenishtua kama ningekuwa nasikiliza. Watu wawili walioona kitu kimoja hawakisimulii sawasawa, Hashimu, mmoja huanza na mvua na mwingine huanza na maiti. Mimi nilikuwa naangalia sugu ya sijda.

Mzee mmoja wa msikitini akaninong'oneza, "Mwalimu, hawa tunawajua?" Nikamjibu kwa kujiamini, mbele ya watu, nikipunga mkono: "Mzee wangu, asili ya Muislamu ni uadilifu. Sisi si wapelelezi." Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilifurahi. Naona aibu kuandika kwamba nilifurahi, lakini ndivyo ilivyokuwa, nilisema neno la kitabu na likapendeza masikioni.

Na nilikuwa najua zaidi ya hapo, hilo ndilo linaloniunguza. Ungeniambia nilikuwa mjinga ningepumzika. Nilikuwa nimesomeshwa kwamba neno hilo lina ugomvi mkubwa kati ya wanavyuoni. Wapo waliosema Muislamu achukuliwe kwa dhahiri yake, na watu wa baadaye katika kundi hilo hilo wakasema hukumu ile ilikuwa ya zama za watu wanaojulikana. Sisi wa madhehebu haya tumefundishwa kwamba usiyemjua humjui, na kadhi akiletewa shahidi asiyemjua ni wajibu wake aulize watu wanaomjua, ndiyo tunayoiita tazkiya. Tukalegeza kwenye ndoa, kwa sababu ndoa inafungwa hata kwenye kijiji cha nyumba tano, tukasema shahidi ambaye dhahiri yake ni njema na undani wake haujulikani anatosha. Mimi nikauchukua ulegezi wa ndoa nikauweka kwenye kifo. Nikamuua mtu kwa hukumu ya harusi.

Wapokezi wa hadithi je? Unakwenda kusoma elimu hiyo hasa, utaona watu walivyohangaika. Wamesafiri miezi kwenda kuuliza juu ya mtu mmoja: alikuwa anasema kweli, alikuwa anasahau, alikutana kweli na huyo anayedai kamsikia? Walikuwa na dhana mbaya na Waislamu wenzao? Walikuwa watu wa ibada kuliko mimi na wewe. Lakini walijua kwamba neno likishatoka kwa jina la Mtume watu watafunga nalo na kufungua nalo. Mimi nilikuwa na neno la kumfunga dada yangu, na sikutoka nje ya uwanja wangu kuuliza.

Nikaenda kumwambia mwenyewe. Somoe alikuwa anasuka ukili. Hakulia. Akaniuliza kitu kimoja, "Kaka, umewauliza vizuri?" Nikamwambia nimewaapisha. Akaingia ndani akavua mapambo yake, akakaa eda.

Katika mwezi wa tatu wa eda akaja mtu mwingine.

Huyu unamjua. Ni Mzee Chilumba wa Madimba, yule uliyekuwa unakwenda kumwokotea korosho msimu ukifika. Wakati ule alikuwa ndiyo kwanza amevuka na mke na watoto wawili, wamefikia kwa watu Madimba, hawana hata jembe. Alitembea kutoka Madimba mpaka Mikindani kwa miguu kwa sababu alisikia kuna mwanamke amekalishwa eda ya Bakari fundi. Alifika msikitini wakati watu wanatoka adhuhuri, na kaptula ya kaki iliyochanika, chale za Kimakonde usoni mwake, vumbi mpaka magotini. Akasimama pale kwenye birika. Akasema, "Mwalimu, Bakali yupo hai. Nangu nimemwacha kwa macho yangu, anaumwa mguu, yupo kwa mama yake polini, hawezi kutembea."

Baraza zima likacheka. Walicheka "Bakali". Walicheka "nangu", kwamba mtu mzima hata kusema "mimi" anasemea Kimakonde. Bwana Seifu hakucheka, alisogea karibu yangu akasema kwa huruma kabisa, "Masikini, wakimbizi hawa wanatafuta chochote cha kula." Na mimi, mwanangu, mimi mwalimu wako, mwenye kusema asili ya Muislamu ni uadilifu, nilimwambia mtu yule, "Wewe ni Muislamu?" Akasema ndiyo, anaitwa Issa. Nikamwambia, "Soma Fatiha." Mbele ya watu. Akasoma. Alikosea mahali pawili, kama wanavyokosea nusu ya wale waliokuwa wanamcheka. Nikamuuliza, "Hapa nani anakujua?" Akatazama huku na huku. Akasema, "Hapa hakuna." Nikamwambia, "Basi nenda kwa amani."

Umeona? Seifu naye hapa alikuwa hana anayemjua! Wote wawili walikuwa wageni, wote wawili walitoka mbali, wote wawili walileta habari ya mtu mmoja. Yule wa kanzu nikampa uadilifu bure. Yule wa kaptula nikamdai ushahidi mpaka wa Fatiha. Kwa hiyo usije ukaniambia tena habari ya asili ya Muislamu. Sikuwa na asili yoyote. Nilikuwa na macho yanayopenda pasi na kofia, na masikio yanayopenda Kiswahili cha pwani, nikayavisha kilemba nikayaita fikihi. Na sikuwa peke yangu. Mji mzima huu wa waungwana wa safu ya kwanza ulikuwa hivyo, na bado uko hivyo, na nikiwaona wanavyokaa pale barazani wakipima watu kwa kanzu zao natamani kuwamwagia maji.

Eda ikaisha. Wiki ya tatu baada ya eda Bwana Seifu akaleta posa. Hata hapo sikushtuka. Mtu aliyeshuhudia kifo ndiye anayetaka mjane, na mimi nikaona ni wema, anataka kumsitiri. Somoe hakutaka. Alisema, "Huyu ananitazama kama mtu aliyekwisha kununua." Nikamkemea. Nilimwambia anamdhania vibaya Muislamu, na dhana nyingine ni dhambi, nikamsomea na aya. Yaani nilichukua aya ya kuwalinda watu nikampiga nayo dada yangu. Mimi ndiye walii wake, baba yetu alikwisha kufariki. Nikamwoza. Wewe pilau ile ulikula, ulikuwa na miaka tisa, ukatapika usiku kucha kwa shibe.

Ndoa ilikaa miezi mitano. Sitakuandikia aliyoyapata ndani ya miezi ile, hayo ni yake, akitaka atakwambia. Itoshe kwamba yule mtu nje alikuwa wa Yasini.

Kisha asubuhi moja, watoto wanasoma chuoni hapa barazani, wewe ukiwa kati yao na ubao wako, alikuja mtu na fimbo mbili za kwapani. Mguu mmoja umekonda, umepinda gotini. Nilimtambua kwa pini. Alikuwa amechomeka pini tatu kwenye ukosi wa shati lake kuukuu, kama zamani. Alikwisha kupita nyumbani kwake, alikwisha kuambiwa na majirani. Hakupiga kelele. Natamani angepiga. Alisimama pale penye ngazi, akaniuliza, "Mwalimu, ulimuuliza nani?"

Hashimu, mtu amekuuliza ulimuuliza nani, na katika mji wote huu, katika Kilwa yote, huna hata jina moja la kumtajia.

Seifu hakuonekana tena tangu adhuhuri ya siku ile. Alipotafutwa Kilwa, watu wa Kilwa walisema hawamjui. Barua moja tu ya kuuliza ingeniambia hivyo karibu mwaka mzima kabla. Stempu moja.

Kisheria mambo yalikuwa wazi, ndoa ya pili si ndoa, mke ni wa Bakari, akae muda wake kisha warudiane. Niliyasema hayo mbele ya watu. Lakini sheria haikai nyumba moja na majirani. Bakari alikaa siku tatu. Kila alipopita palikuwa na mtu anayekohoa kicheko. Siku ya nne alimwita Somoe na mimi, akamwambia, "Mke wangu, wewe huna kosa, na mimi sina kosa, lakini mimi siwezi kukaa mji huu, na wewe sina pa kukupeleka." Akatoa talaka, akashika njia ya Lindi. Alifia huko baada ya miaka miwili. Habari iliponifikia, safari hii nilituma mtu, nikauliza kwa mwenye nyumba wake, kwa aliyemwosha, kwa aliyemchimbia kaburi. Nikaenda kumwambia Somoe, wakati huo alikwisha kuhamia Chuno. Hakufungua mlango wote. Akauliza, "Safari hii umeuliza?" Nikasema nimeuliza. Akasema, "Ahsante," akafunga. Hayo ndiyo maongezi marefu niliyofanya na dada yangu tangu siku ile.

Sasa utauliza, na Mzee Chilumba? Kwa Mzee Chilumba sikwenda. Miaka minne sikwenda. Nilikuwa najua anakaa wapi, ni mwendo wa baiskeli, na nilikuwa nasalisha watu sala tano kwa siku huku najua. Nilipokwenda hatimaye, nilikuwa nimejiandalia hotuba, na hadithi ndani yake. Alikuwa anaanika mihogo. Akanipa maji, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mwalimu, mimi sikuja kwa ajili yako. Nilikuja kwa ajili ya yule mama." Akaendelea kuanika mihogo. Niliondoka nimekasirika, naapa, nilikasirika kwamba hakunisamehe kwa maneno mazuri! Ilinichukua siku kadhaa kuona upumbavu wangu.

Baada ya hapo nikageuka upande wa pili, nikawa simwamini mtu. Utakumbuka mwaka ule nilikataa mashahidi wa mwezi mpaka nusu ya mji ikafunga na nusu ikala, nikawauliza vijana wa watu habari za sala zao na deni zao na wake zao. Mama yako akaniambia, "Sasa umekuwa polisi." Alisema kweli. Nilikuwa bado nawakwepa watu, ila kwa njia nyingine. Kumwamini usiyemjua ni uvivu, na kumkataa usiyemjua ni uvivu ule ule, kote kuwili hukutoka nyumbani kwako.

Unaijua ile habari ya khalifa aliyemuuliza mtu anayemsifu mwenzake: umekaa naye jirani, umesafiri naye, mmefanya muamala? Akajibiwa hapana, akasema basi humjui. Nimeifundisha habari hiyo labda mara mia moja. Nilikuwa naisimulia kwa sababu inapendeza.

Jirani yako mdhanie mema, Hashimu. Ukimwona mtu anatoka mahali pabaya, mwambie moyo wako labda alikwenda kumtoa mtoto wake. Huo ni moyo wako, utoe sadaka unavyotaka. Lakini haki ya mtu wa tatu aliyekaa ndani anasuka ukili, anangoja wewe useme neno, hiyo si yako kuitolea sadaka. Nilimfanyia Seifu ukarimu kwa mali ya Somoe.

Nilipochana karatasi yako Ijumaa nilikuwa sijui nitafanya nini. Jumamosi nikachukua baiskeli nikaenda Madimba. Nilimwambia Mzee Chilumba, mwanangu anakwenda kusoma, anahitaji shahidi wa tabia, wewe umefanya naye kazi misimu mitatu. Nilidhani atasema ndiyo pale pale. Akasema, "Namjua shambani kwangu tu. Niache siku nne."

Siku nne akaulizia! Mtu wa umri ule, na wenzake sasa hivi wanafungasha kurudi kwao ng'ambo maana vita vimekwisha, naye ana mizigo yake ya kufunga. Alikwenda kwa mama anayeuza samaki pale soko la Mikindani. Alikwenda kwa vijana unaocheza nao mpira. Alikwenda kwa fundi baiskeli. Alikwenda Chuno kwa shangazi yako, na shangazi yako, ambaye hajataja jina la nyumba hii miaka tisa, alikaa naye akamweleza kwamba unamchotea maji kila Jumapili na hujawahi kuniambia. Kweli hujawahi. Nililijua hilo kwa mara ya kwanza kutoka kwa mkimbizi niliyemsomesha Fatiha mbele ya watu.

Jana alikuja hapa, wewe ukiwa bandarini Mtwara. Hajui kuandika, kwa hiyo akasema na mimi nikaandika. Barua iko ndani ya msahafu wako, nimeufungia sandukuni, ufunguo anao mama yako. Isome kabla hujaifunga. Utakuta amesema unafanya kazi bila kusimamiwa na hukuwahi kuchukua hata korosho moja ya kuokota njiani. Utakuta pia amesema hivi: "Aliazima baiskeli ya mtu, akaivunja sipoku, akairudisha kimya. Nilipomwambia, alikwenda akakiri, akailipia kwa kazi." Nilitaka kuliacha hilo. Nikamwambia, mzee, hili dogo, kijana ataaibika. Akaniambia, "Andika. Asiyekosa simjui mimi." Sasa nafahamu kwa nini Jumatano ulirudi umenuna na mikono ya mafuta.

Mwalimu wa Tanga akiisoma atakuamini zaidi ya wale watakaokuja na barua za malaika. Asipokuamini, rudi, tutalima.

Kesho usipandie basi hapa Mikindani. Toka mapema uende Mtwara mjini, upite Chuno umuage shangazi yako, na visheti mama yako anavyokaanga mpe nusu. Usimwambie nimekutuma mimi. Kama hatavila, viache hapo hapo.

Limebaki jambo moja. Tulipomaliza kuandika nilimsomea yote, akaitikia, nikamshika kidole tukapiga dole gumba kwa wino. Nikadhani basi. Akaniuliza, "Barua hii mwandishi wake umemtaja?" Nikasema si lazima. Akasema ni lazima, mwalimu wa Tanga atataka kujua mkono ni wa nani. Akanitajia maneno, nami nikayaandika chini ya dole lake kama alivyoyasema, na nakusihi usiyafute wala usiyakunjie ndani:

"Aliyeandika ni baba wa kijana. Kijana namshuhudia. Baba yake bado namuulizia."

Baba yako,
Athumani